Siesta ni Saa Sita: Yanayosemwa Kuhusu Kusini mwa Hispania, na Yaliyopo

Mdogo wangu yuko Tanga, na kila akinipigia simu lazima anichokoze: "Dada, leo mmelala mpaka saa ngapi?" Mwaka wa tisa huu naishi Sevilla, mtaa wa Triana, namhudumia bibi wa miaka 86, na kwetu bado wanadhani niko likizo ndefu. Dhana nyingine ni zao. Nyingine nilikuja nazo mwenyewe kwenye sanduku. Naziandika jinsi zinavyonijia.

"Watu wa kusini ni wavivu, mchana kutwa wamelala"

Tuanze na neno lenyewe. Siesta limetokana na Kilatini, hora sexta, yaani saa ya sita. Warumi walihesabu saa tangu jua linapochomoza, kwa hiyo saa ya sita yao ilikuwa adhuhuri. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni saa sita yetu ileile.

Nilipofika, kilichonitesa zaidi ya lugha kilikuwa njaa. Bibi anakula chakula cha mchana saa nane na nusu, na cha usiku saa nne kasoro. Nilikuwa najificha jikoni saa sita natafuna mkate mkavu kama mtoto anayeiba sukari. Nikajiambia watu hawa hawana utaratibu. Kumbe ningeangalia tu ratiba yangu ya swala ningeelewa mapema: mwezi wa Julai, Adhuhuri hapa Sevilla inaingia kwenye saa nane na nusu. Nilitoka roshani wakati huo nikatazama kivuli changu, kimejikunja chini ya miguu. Jua ndiyo kwanza limefika juu. Kwa hesabu ya jua, bibi anakula saa sita kamili, kama mama yangu. Iliyotangulia ni saa ya ukutani.

Nayo imetangulia kwa sababu. Ukitazama ramani, Sevilla iko magharibi zaidi ya London, lakini inafuata saa ya Berlin. Machi 1940 serikali ya dikteta Franco ilisogeza saa mbele kwa saa moja, na hadi leo haijarudishwa. Ongeza na ile saa nyingine inayosogezwa kila kiangazi, ndiyo unapata jua linalozama karibu saa nne kasorobo usiku mwishoni mwa Juni, na Isha inayokusubirisha hadi kukaribia saa sita usiku. Mtoto wa miaka mitano akionekana anacheza mpira uwanjani saa tano usiku, usiwalaumu wazazi wake. Joto ndiyo kwanza limepungua.

Na kulala? Maduka madogo ya mtaani ni kweli yanafungwa saa nane mchana yakafunguliwa saa kumi na moja. Lakini yule dada wa duka la nyuzi na vifungo chini ya nyumba yetu hufunga jioni saa mbili na nusu, na alifungua asubuhi saa nne. Yale masaa ya katikati anapika na kuwafuata watoto shule. Wengi niwajuao hawalali kabisa. Bibi ndiye anayelala, dakika ishirini, kwenye kiti, televisheni ikiwaka. Ukiizima tu anaamka na kukuuliza kwa nini umeizima.

Mwenye shaka aende Jaén kuanzia Novemba, mkoa unaotoa mafuta ya zeituni kuliko wote duniani. Watu wametandaza nyavu chini ya miti na kupiga matawi kwa fimbo ndefu tangu asubuhi ya barafu. Au aende El Ejido, upande wa Almería, ambako vitalu nyumba vya plastiki vimefunika ardhi hadi ukitazama kutoka mlimani unadhani ni bahari nyeupe. Nyanya na pilipili hoho za Ulaya wakati wa baridi zinatoka humo, na wanaozichuma wengi ni Wamoroko, Wamali na Wasenegali. Humo ndani hewa ni nzito kama chumba cha kuanika dagaa. Sina hamu ya kuyapamba: Februari 2000 Wamoroko walifukuzwa na kupigwa mitaani El Ejido, na wanaochuma leo wengi wanaishi kwenye vibanda vya mbao na maplastiki walivyojijengea. Hilo ndilo ningependa watu waniulize, badala ya usingizi.

"Huko ni jua mwaka mzima"

Nje, ndiyo, mara nyingi. Ndani ni habari nyingine. Nyumba za hapa zimejengwa kupambana na joto: sakafu za vigae, kuta nene, persiana, yaani vifuniko vya madirisha, zinazoshushwa mchana kutwa wakati wa kiangazi mpaka nyumba inakuwa giza kama ghala. Zinafanya kazi, maana Agosti 2021 mkoa wa Córdoba ulipita nyuzi 47. Lakini Januari ikifika, nyumba hiyohiyo inageuka friji. Nyingi hazina mfumo wa kupasha joto. Mara ya kwanza kuvaa koti na soksi mbili nikiwa kitandani ilikuwa Sevilla, mji niliosikia unasifika kwa joto.

Dawa yao ni meza. Meza ya duara, kitambaa kizito kinachoshuka hadi sakafuni, na chini yake brasero. Zamani lilikuwa sinia la makaa, siku hizi ni la umeme. Unaingiza miguu ndani, unavuta kitambaa hadi kifuani, na hutaki kuondoka. Magoti yanachomeka, mgongo unaganda. Familia nzima inashinda hapo na karata.

Tena theluji ipo. Mlima Mulhacén, kule Sierra Nevada, una mita 3,479, na watu wa Granada wanakwenda kuteleza kwenye theluji asubuhi. Wenye haraka jioni wako pwani. Nako Grazalema, kijiji cha milimani mkoa wa Cádiz, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini.

"Chakula ni paella, ngoma ni flamenco"

Paella ni ya Valencia, mamia ya kilomita kutoka hapa. Ile ya njano inayouzwa karibu na kanisa kuu ni ya watalii. Chakula cha Sevilla kilichonifariji ni mchicha wao uliopikwa na dengu kubwa na bizari nyembamba: kijiko cha kwanza nilisikia harufu ya jikoni kwetu, nikanyamaza. Ila Mwislamu awe macho. Ukisema hutaki nyama, utaletewa saladi yenye vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, na mhudumu atashangaa kwa dhati. Kwake, carne ni nyama na jamón ni jamón. Na zile tapas, vitafunio vya kinywaji, za bure ziko Granada, Jaén na Almería, Sevilla unalipa.

Flamenco ni sanaa nzito ya watu wa hapa, Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, wakiwa kiini chake, na UNESCO iliitambua mwaka 2010. Wanaoweza kuiimba ni wachache kama wanaoweza kughani utenzi kwetu. Wanachocheza wote kwenye feria, yaani sherehe za mji, ni sevillanas, ngoma nyepesi ya wawiliwawili ambayo hata mimi nimefundishwa, vibaya.

"Ijumaa Kuu wanavaa kofia za Ku Klux Klan"

Picha niliyoituma nyumbani mwaka wa kwanza ilizua kikao cha ukoo. Safu ya watu wenye kanzu, nyuso zimefunikwa, kofia ndefu za ncha zimeelekea mbinguni. Mjomba akaandika: "Mwanangu, ondoka huko leo."

Kofia ile inaitwa capirote. Mahakama ya kanisa ya Inkwizisheni iliwavisha waliohukumiwa kofia za ncha ili waaibike hadharani. Vyama vya waumini vikaichukua kama vazi la toba, uso ukifunikwa ili anayetubu asijulikane na mtu. Klan ilianzishwa Marekani mwaka 1865, wakati desturi hii ilikwisha kuwa na karne kadhaa. Mtoto anayekuja kukusogelea amevaa kofia hiyo anataka kukupa peremende.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonikalisha kitako. Alhamisi Kuu kuna chama kinachotoka na sanamu zake, jina lake kwa watu wote wa Sevilla ni Los Negritos, yaani Weusi Wadogo. Nilikasirika kwanza kwa jina, nikauliza. Chama hicho kilianza mwishoni mwa karne ya 14, chini ya askofu mkuu Gonzalo de Mena, kwa ajili ya Waafrika waliokuwa Sevilla, watumwa na walioachwa huru. Kwa karne kadhaa wanachama wake walikuwa weusi. Leo wengi wanaotembea chini ya kanzu zile ni wazungu, ila jina na kanisa lao dogo vimebaki.

"Weusi Hispania wamekuja juzi na boti"

Basi hii ndiyo dhana iliyonikaa moyoni, maana niliiamini hata mimi. Katika karne ya 16 Sevilla ilikuwa na maelfu ya Waafrika. Granada alikuwako Juan Latino, mweusi aliyekuwa mtumwa, akawa mwalimu wa Kilatini na kutunga mashairi kwa lugha hiyo. Juan de Pareja alizaliwa Antequera, akawa mtumwa wa mchoraji Velázquez, na ndiye yule anayekutazama kwa utulivu kwenye picha ya mwaka 1650. Baadaye aliachwa huru na akachora kazi zake mwenyewe. Wajukuu wao hawakupanda meli kurudi popote. Walioana na majirani, rangi ikayeyuka.

Pamoja na hayo, kila Januari 5 jioni, mfalme Baltasar, mmoja wa mamajusi watatu waliomletea mtoto Yesu zawadi, anapita mitaani juu ya gari la maonyesho akirusha pipi, na kwa miaka mingi sehemu kubwa Baltasar alikuwa mzungu aliyepakwa rangi nyeusi. Siku hizi miji mingine inatafuta mweusi wa kweli. Jirani yetu alinijia Desemba moja, kofia mkononi, kuniomba nishiriki katika msafara wa mtaa. Nilimwambia Baltasar ni mwanamume. Akafikiri kidogo, akasema: "Ndevu tunazo."

Sikukubali. Lakini nilicheka wiki nzima.

"Kihispania chao ni kibovu"

Wanaosema hivyo ni watu wa kaskazini. Kweli, hapa herufi s ya mwisho wa neno inamezwa na d inapotea hewani. Lakini matamshi haya ya kusini ndiyo yaliyopanda meli za Guadalquivir kwenda Amerika, na ndiyo maana Mkolombia akifika Sevilla anajisikia nyumbani.

Guadalquivir ni wadi al-kabir, bonde kubwa la mto. Lugha hii imejaa maneno tunayoyajua tangu chuoni. Fulano ni fulani. Hasta ni hata yetu. Aceituna ni zeituni, alberca ni birika. Waliohamishwa vyeo wananifurahisha zaidi: kadhi wa kwetu hapa amekuwa alcalde, yaani meya, na waziri ameshushwa akawa alguacil, tarishi wa mahakama.

Naranja nalo ni narinji, na hili lilinipata mdomoni. Mitaa ya Sevilla ina maelfu ya miti ya machungwa, Januari imezaa hadi matawi yanainama, na hakuna anayechuma. Nikasema, wazungu hawa wamebarikiwa na hawajui. Nikachuma moja lililoiva vizuri, nikamenya, nikauma. Ni narinji halisi, chungu kama shubiri! Bibi alikuwa ananitazama kutoka dirishani, na kicheko chake kilisikika ng'ambo ya barabara. Yale ni ya kutengenezea jemu, na kwa miaka mingi Waingereza ndio walioyanunua.

"Wazungu hawasalimiani, kila mtu na lake"

Dhana hii niliisafirisha mimi mwenyewe. Wiki ya kwanza nilimwita bibi kwa usted, ile namna ya heshima, kwa kuwa sikuwa na shikamoo ya kumpa. Alinikemea: "Unanizeesha, binti." Akataka tú, kama rika lake.

Ukiingia chumba cha kusubiri daktari unawasalimia wote waliokaa, na wote wanaitikia. Agosti namsindikiza bibi kijijini kwao, mkoa wa Cádiz, na kila jioni viti vinatolewa mlangoni, majirani wanakaa barabarani hadi usiku wa manane wakimchambua kila apitaye. Ni baraza tu, ila sisi tunakaa kwenye saruji na wao wana viti. Mwaka 2021 meya wa Algar, mkoa huohuo, alitangaza kuwa anataka UNESCO iyatambue maongezi hayo ya viti vya mlangoni. Mdogo wangu aliposikia alisema Tanga tudai fidia.

Foleni ndiyo iliyonichanganya. Sokoni Triana, mbele ya muuza samaki, huoni mstari. Watu wamesimama hovyo, mmoja anaongea na simu, mwingine anachagua limau kibanda cha pili. Nilijipenyeza mbele, na macho yote yakanigeukia. Kumbe foleni ipo, haionekani tu. Ukifika unauliza kwa sauti: "¿Quién es el último?" Nani wa mwisho? Mmoja anainua mkono, na wewe unamkumbuka huyo tu. Unaweza kwenda kunywa kahawa urudi, nafasi yako iko palepale.

Mwaka jana nilikwenda likizo Tanga, nikaingia ofisi moja iliyojaa watu. Kabla sijajishika nikaropoka: "Nani wa mwisho?" Mzee mmoja kwenye benchi akaniangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akasema: "Wewe hapo, mwanangu."