Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi mtoto wa mbwa

Wengi bado huamini kwamba mtoto wa mbwa akikojoa ndani, dawa ni kumsugua pua palepale na kumchapa. Sivyo. Hawezi kuhusisha ukali wako na mkojo wa dakika kumi zilizopita. Anachojifunza ni kukuogopa, na kesho atakojoa nyuma ya kochi usimwone. Akiwa na miezi 2, kibofu chake huhimili saa 2 hadi 3 hivi tu. Mtoe nje kila akiamka, akishakula na akimaliza kucheza, na akijisaidia huko msifu papo hapo. Ukitumia kizimba, yaani tundu lake la kulalia ndani ya nyumba, kimtoshe kusimama, kugeuka na kulala; kikizidi, kona moja ataifanya choo. Na tafadhali, kisiwe jela ya adhabu.