Sakafu za Lamu: ugonjwa uko chini, sisi twapaka dawa juu

Nilipopewa chumba cha chini cha nyumba ya bibi yangu, mtaa wa Langoni, nilifanya wafanyavyo wengi. Nilikwangua chokaa ya zamani, nikamwaga saruji, nikaweka taili nyeupe zinazong'aa. Wageni wakasifu. Masika ya pili, usiku, nikasikia mlio kama wa sahani iliyovunjika. Asubuhi nikakuta taili nne katikati ya chumba zimeinuka, zimeegemeana kama paa la kibanda. Chini yake pana unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi: chumvi.

Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi maswali hadi wengine wakiniona wanapita njia nyingine. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyaamini, na mengine bado nayasikia barazani.

"Weka taili, unyevu utakwisha."

Unyevu hauishi, unahama. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na jiwe la tumbawe limejaa vitundu. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, yamebeba chumvi. Sakafu ya chokaa huyaacha yatoke kidogo kidogo kwa mvuke, wala huyaoni. Ukiifunika kwa taili, maji hutafuta mlango mwingine, na mlango wa karibu ni ukuta. Ndiyo maana chumba kikishawekwa taili, lipu huanza kumomonyoka usawa wa muundi, kisha goti. Maji yakikauka, chumvi hubaki, hukua kuwa fuwele na kusukuma lipu itoke. Mwenye nyumba hupaka rangi mpya kila Ramadhani inapokaribia, na kila mwaka rangi hubambuka palepale.

Kabla ya kununua chochote, chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, kibandike sakafuni kwa utepe kando zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chini, au sakafu imekuwa nyeusi pale ilipofunikwa, maji yanatoka ardhini. Umande ukiwa juu ya nailoni, hiyo ni hewa ya bahari tu, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Wanaojenga nyumba mpya Malindi au Mokowe wana nafasi ya kulizuia jambo hili mapema: mawe na changarawe yashindiliwe, itandikwe nailoni nene ya geji 1000, ndipo zege imwagwe juu yake. Katika nyumba kuukuu ya matumbawe, nailoni pekee hufanya kosa lile lile la taili, yaani huyasukuma maji ukutani. Hapo mimi ningeanza nje: maji ya paa yanaangukia wapi? Birika la choo linavuja? Mara nyingi sehemu kubwa ya unyevu inatoka huko.

Na taili zangu nne? Fundi alizibananisha ukuta hadi ukuta bila kuacha hata upenyo wa kidole mwishoni. Taili hutanuka kidogo kwa unyevu na joto, na zikikosa pa kwenda, huinuka. Upenyo wa nusu sentimita pembeni hufichwa na taili ya ukutani, hakuna atakayeuona.

"Chokaa ni dhaifu, saruji ndiyo kiboko."

Kwa ugumu, kweli, saruji inashinda. Lakini ugumu sio unaotakiwa juu ya jiwe laini linalopumua. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, umesimama karne kadhaa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Chokaa huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe polepole, na ikipata ufa mdogo hurekebishwa kwa chokaa ileile. Hata neno lenyewe lina historia: sakafu limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni dari au paa. Waashi wa pwani waliliita hivyo tabaka la mawe na chokaa lililopondwapondwa, liwe juu ya kichwa au chini ya miguu.

Kilichoiua chokaa ni haraka zetu. Inataka siku nyingi na mkono wenye subira, na fundi wa siku hizi analipwa kwa siku.

"Saruji ikikauka upesi imeshika vizuri."

Kinyume chake. Saruji hukomaa kwa maji. Imwagilie siku 7 angalau, ifunike kwa magunia mabichi, hasa upepo ukiwa mkali. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Niru, yaani saruji laini ya kumalizia, iliyoachwa juani hupasuka nyufa kama utando wa buibui.

"Mchanga ni mchanga tu."

Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo itatokea juu ya sakafu yako ikiwa ukungu mweupe usiokwisha kwa kupiga deki. Ikiwa ndani mna nondo, zitashika kutu. Mchanga wa mto ni gharama zaidi, na huku kwetu hufika kwa jahazi, kisha kwa mgongo wa punda, kwa hivyo kishawishi ni kikubwa. Kuchota matuta ya mchanga ya Shela, kijiji jirani, nako tusikutaje: ndiyo yanayotuhifadhia maji ya kunywa.

"Ghorofani pia panabeba taili."

Piga hesabu kwanza. Dari ya boriti haiko bapa, kwa hivyo fundi atamwaga saruji ya kusawazisha, tuseme sentimita 5. Hiyo ni kama kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 5 kimeongezewa tani moja na nusu kabla taili hata moja haijawekwa, juu ya mikoko iliyokwisha kubeba mawe na chokaa miaka na miaka, na ambayo ncha zake ukutani huenda zimeoza. Gonga boriti kwa nyundo ndogo karibu na ukuta, na ikitoa mlio kama wa kitu kilicho wazi ndani, mwite fundi wa boriti kabla ya fundi wa taili.

"Taili inayong'aa ndiyo safi."

Inateleza, basi. Chooni weka yenye mkwaruzo, na mteremko wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

"Mkeka ni wa maskini."

Hili huniudhi. Watu wananunua "mkeka wa mbao", ambao ni plastiki yenye picha ya mbao, wanautandika juu ya sakafu yenye unyevu, na baada ya miezi michache chumba kinanuka uvundo kwa kuwa maji yamenaswa chini. Mkeka wa ukindu huinuliwa asubuhi, ukakung'utwa, ukaanikwa kivulini, na sakafu ikapata hewa. Mimi chumba cha bibi nimekirudishia chokaa. Nimetandika jamvi, juu yake mkeka wa rangi alioushona shangazi, na kila Ijumaa vyote hutoka nje hadi kiwandani, yaani uani.