Kompresa ya shinikizo kubwa ni nini, na uangalie nini ukikuta iliyotumika

Mashine ya upepo unayoikuta kwa mafundi wa tairi pale Ngamiani, Tanga, kwa kawaida hujaza mtungi wake hadi bar 8 au 10 (bar ni kipimo cha shinikizo), basi. Tairi ya gari dogo inatosheka na bar 2 na kidogo. Bunduki ya upepo ya aina ya mtungi, ile unayojaza mara moja ukapiga mara nyingi, inataka bar 200 hadi 300. Geji nyingi za Kichina zimeandikwa MPa. 30 MPa ndiyo bar 300. Kompresa inayofika huko ndiyo ya shinikizo kubwa, na si mashine ya tairi iliyoongezewa mota. Fundi akikuambia atakuundia kwa kompresa ya friji, usikubali hata kama bei inavutia.

Tofauti iko kwenye awamu. Hewa ikibanwa hupata moto, na ukiifikisha bar 300 kwa mpigo mmoja bila kuipoza, joto litapita nyuzi 1,000. Kwa hiyo pistoni kubwa inabana kwanza, hewa inapozwa, kisha pistoni nyembamba inamalizia. Mashine ndogo za nyumbani nyingi zina awamu mbili, na baadhi hupozwa na pampu ya maji unayoizamisha kwenye ndoo. Joto hilohilo la kubana ndilo linalowasha mafuta kwenye injini ya dizeli. Ndiyo maana grisi ya kawaida au oili ya injini ikiingia upande wa hewa inaweza kuwaka na kulipua. Weka oili ya kompresa, na ringi za mpira zipake grisi ya silikoni tu. Wala hewa ya mashine hizi za bei nafuu asipewe mpiga mbizi aivute: haijasafishwa kwa ajili ya mapafu.

Kwetu pwani adui mkubwa ni maji. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 za mvuke. Mtungi wa lita 1 ukijazwa bar 300 umemeza takriban lita 300 za hewa, na ndani yake hadi gramu 9 za maji, karibu vijiko viwili vya chai. Yasipotolewa njiani, yanaingia mtungini na kuanza kula chuma kwa ndani, mahali usipopaona. Chujio lenye chembe za kukausha unyevu si pambo, na koki ya kutolea maji ifunguliwe kila baada ya dakika chache mashine ikiwa kazini. Ukiifungua kwenye mashine ya mtu ukaona majimaji meupe yaliyochanganyika na oili, na chujio limelowa chapachapa, jua mwenyewe hakuwa akiitunza.

Wakati wa kununua, iombe iwashwe bila mtungi, tundu la kutolea hewa likiwa limezibwa kwa plagi yake. Sindano ya geji ipande bila kusitasita hadi bar 250 hivi, kisha zima na uitazame. Ikishuka, pitisha maji ya sabuni kwenye viungo. Povu litakuonyesha panapovuja. Ikigoma njiani, mara nyingi ringi za pistoni nyembamba zimekwisha, na hizo ni rahisi kubadilisha mradi upate za mpira mgumu wa kazi hiyo, si za bomba la maji. Silinda yenyewe ikiwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, iache. Ringi mpya zitaliwa tena muda si mrefu.

Mtungi unaouzwa pamoja na mashine usome shingoni: shinikizo lake la kazi na tarehe ya kupimwa hupigwa mhuri hapo. Kama vimefutika au pamechomelewa, usiujaze.

Na kabla ya kushika spana, fungua koki ya kutolea hewa na uiache wazi muda wote wa matengenezo, kwa sababu geji mbovu inaweza kuonyesha sifuri ilhali bomba bado lina bar 200.