Kiarabu Ukutani Hakiifanyi Sinagogi Kuwa Msikiti

"Hapa palikuwa msikiti, sivyo?" Natembeza wageni katika mji wa kale wa Toledo, Hispania, na kila tukiingia El Tránsito, sinagogi yake ya kale, swali hilo halikosi. Siku hizi wengine hata hawaulizi, wananieleza mimi. Mtu ameona Kiarabu kwenye plasta na matao ya nakshi, basi kesi imekwisha.

Haikuwa msikiti hata siku moja. Mfalme Mkristo Alfonso wa Sita aliutwaa mji huu kutoka kwa Waislamu mwaka 1085. Sinagogi ilijengwa miaka ya 1350, zaidi ya karne mbili na nusu baadaye, chini ya mfalme Mkristo, Pedro wa Kwanza. Aliyeijenga ni mweka hazina wake Myahudi, Samuel ha-Levi. Nakshi za mudejari, yaani za mtindo wa Kiislamu uliotumika chini ya wafalme Wakristo, zilipendwa na kila mwenye fedha, awe Myahudi au Mkristo. Pedro mwenyewe alijijengea kasri la namna hiyo kule Seville. Wala Kiarabu hakikuwa cha Waislamu peke yao. Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba, falsafa yake aliiandika kwa Kiarabu.

Ndiyo maana nawasihi wageni waje na darubini ndogo, maana kamera ya simu haifiki kule juu. Acheni matao kwanza. Tazameni chini kidogo ya dari ya mbao: ule mkanda wa herufi za pembepembe, kila moja imesimama peke yake bila kushikana na jirani yake, ni zaburi kwa Kiebrania. Kisha geukieni ukuta wa mashariki. Kidaka kile chenye matao matatu si mihrabu, ndimo yalimokaa magombo ya Torati. Kando yake kuna ngao za ngome na simba, yaani Castilla na León, falme za Pedro, na maandishi ya kumsifu Samuel pamoja na mfalme wake. Msikiti gani ungebeba ngao hizo? Na sifa zenyewe hazikumfaa Samuel: miaka michache baadaye Pedro huyohuyo alimkamata, akafa kwa mateso.

Jina El Tránsito nalo si la Kiyahudi, wala halihusu kuhama, ingawa neno hilo la Kihispania lina maana ya kupita. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, jengo lilipewa Calatrava, shirika la Kikristo la mashujaa wa vita, likawa kanisa, na jina likatokana na mchoro wa kufariki kwa Bikira Maria.

Wapo pia wanaosema Wayahudi waliishi raha mustarehe hadi amri ya 1492. Jamani! Mwaka 1391 mitaa yao ilivamiwa kuanzia Seville hadi Toledo, wengi wakauawa, wengine wakabatizwa kwa hofu. Amri ya Machi 31, 1492 iliwaachia waliobaki miezi minne: wabatizwe au waondoke.

Walioondoka hawakupotea. Walikwenda Moroko na katika milki ya Waturuki, na Kihispania chao kikaendelea kusemwa Thessaloniki na Istanbul kwa jina la Ladino. Hadi leo wapo wanaokisema, na Mhispania akiwasikiliza anaelewa sehemu kubwa bila mkalimani.