Mzinga Ukihamia Sebuleni: Pombe na Maisha ya Ughaibuni

Kwenye baa ya Sinza au Roysambu mtu hunywa huku akihesabiwa. Chupa tupu zinabaki mezani, bili inasoma, rafiki anakwambia leo imetosha, na bodaboda anakungoja nje. Si kwamba watu hawalewi; wanalewa sana. Ila wanalewa mbele za watu.

Ughaibuni mambo hubadilika. Baa ni ghali, iko mbali, na zamu za kazi haziwapi marafiki nafasi ya kukutana. Mzinga, ile chupa kubwa ya pombe kali, unanunuliwa supamaketi pamoja na mchele na maziwa, unakaa juu ya friji, na anayemimina ni mnywaji mwenyewe. Sisi tunaotoa ushauri kwa wenye shida ya pombe tukimuuliza mtu kama huyu anakunywa kiasi gani, jibu huwa "kidogo tu, toti mbili za kupata usingizi". Hadanganyi. Hajawahi kupima.

Kwa sheria, baa ya Uingereza humimina pombe kali kwa kipimo cha mililita 25 au 35. Sasa chukua glasi unayotumia nyumbani, mimina maji kama unavyomimina konyagi au wiski, halafu yahamishie kwenye kikombe cha kupimia vitu vya keki. Usishangae ukikuta mililita 60 au 70. Hiyo toti moja yako, baa ingekuuzia kama mbili, pengine tatu kasoro.

Madaktari wa Uingereza huhesabu pombe kwa yuniti, na yuniti moja ni mililita 10 za pombe tupu. Hesabu yake ni rahisi: zidisha mililita za kinywaji kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, kisha gawanya kwa 1,000. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ni yuniti 2.5. Konyagi ya asilimia 35, robo lita, ni yuniti 8.75. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 13 inakaribia 10. Mzinga wa wiski wa Uingereza, mililita 700 kwa asilimia 40, ni yuniti 28. Tangu 2016 ushauri rasmi wa huko, kwa wanaume na wanawake sawasawa, ni kutozidi yuniti 14 kwa wiki, tena zigawanywe kwenye siku tatu au zaidi. Kwa hiyo anayemaliza mzinga mmoja kila wiki peke yake anakunywa mara mbili ya kiwango hicho, hata kama hajawahi kupepesuka. Aliyeko Houston ajue kwamba "kinywaji kimoja" cha Kimarekani ni gramu 14 za pombe, ilhali yuniti ya Uingereza ni gramu 8. Asichanganye hesabu hizo mbili. Na hiyo 14 isieleweke kuwa kibali. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Turudi kwenye usingizi, maana hapo ndipo wengi wetu tunaponasa. Mtu anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, anarudi saa 2 asubuhi, jua limetoka, mapazia ni mepesi, jirani anapiga nyundo. Anakunywa ili alale. Pombe kweli humlaza haraka, lakini inapoanza kuisha mwilini usingizi unakatika: anaamka baada ya saa chache, mdomo mkavu, moyo unadunda, anakwenda kazini hajapumzika. Kesho yake anahitaji kuongeza kidogo. Pazia zito jeusi na vizibo vya masikio vingemsaidia kuliko hiyo chupa, na daktari anaweza kumshauri zaidi kuhusu usingizi wa wafanyakazi wa zamu.

Halafu kuna gari. Ini huondoa takribani yuniti moja kwa saa, na halisikii kahawa, supu ya pweza wala maji baridi. Kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi ili kuondoa uchovu wa jana, ndiyo kabisa: ni kuongeza deni. Chukua sherehe ya kipaimara ya Jumamosi: mtu ameanza saa 2 usiku, mpaka saa 8 usiku amemaliza nusu mzinga, yuniti 14. Ini limeshaondoa kama 6. Zilizobaki zinamalizika karibu na saa 4 asubuhi. Zamu yake inaanza saa 1. England kiwango cha mwisho kwa dereva ni miligramu 80 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, Scotland ni 50 tangu 2014, Sweden ni 20. Uingereza ukitiwa hatiani unanyang'anywa leseni si chini ya miezi 12, na mhudumu wa majumbani asiye na leseni hana kazi. Marekani visa inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu ukiendesha umelewa, kabla ya hukumu, na tangu 2019 kutiwa hatiani mara mbili kwa kosa hili ndani ya kipindi kinachochunguzwa huhesabiwa kuwa dalili ya mwenendo mbaya kwa mwombaji uraia. Majimbo mengi pia yanakataza chupa iliyofunguliwa ndani ya gari, hata kama anayeinywa ni abiria.

Kwa walioko Ghuba, tatizo kubwa ni pombe ya magendo. Agosti 2025 watu zaidi ya 20 walifariki Kuwait kwa kunywa pombe yenye methanoli. Sumu hii haionjeki, na dalili huweza kuchelewa mpaka siku nzima: tumbo kuuma, macho kuona ukungu. Ukiona ukungu, nenda hospitali hata kama unaogopa polisi. Kila saa inayopita inakula macho.

Jamii zetu za ughaibuni ni hodari wa kuchangishana kusafirisha mwili. Kumuuliza mwenzetu aliye hai kwa nini haji tena mikutanoni, hapo tunaona haya.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache. Degedege na kuona vitu visivyokuwepo vinaweza kufuata ndani ya siku tatu za kwanza, na hali hiyo inaweza kuua. Hili huwapata hata wanaokwenda likizo kwa wazazi wasiojua kuwa wanakunywa. Mwone daktari kwanza, akupunguzie kwa dawa. Huenda akakupa maswali kumi ya AUDIT, kipimo cha unywaji wa pombe, yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani kwa utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwemo. Jumla ya alama 8 na kuendelea inahitaji mazungumzo. Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali za umma za Uingereza humtoa bure. Usimtumie mwanao kutafsiri maswali haya.