Saini ya mtandaoni: picha ya saini si ushahidi

Dawati letu limekuwa likipokea malalamiko ya aina moja. Mtu kasaini mkataba kupitia mfumo wa mtandaoni, ugomvi umezuka, na mwenye mfumo hana cha kuonyesha zaidi ya picha ya saini iliyobandikwa chini ya ukurasa. Vijana wanaojenga mifumo hii wana nia njema, hilo hatulitilii shaka. Ila wiki tatu za kazi zinaishia kwenye kalamu ya kuchorea kwa kidole, na kumbukumbu za mfumo, yaani nani alifanya nini na lini, zinapewa nusu siku.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 haijali mwandiko wako. Inachotaka kwenye saini salama ni kwamba imtambulishe aliyesaini, iwe chini ya udhibiti wake, na ifungwe na waraka kwa namna ambayo badiliko lolote la baadaye litaonekana. Mahakama nayo, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, huangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi aliyeutuma alivyotambuliwa.

Chukua mkataba wa pango wa shilingi 350,000 kwa mwezi. Mfumo mzuri hukokotoa alama ya faili zima, kama alama ya kidole ya faili hilo, mathalani kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256 inayotoa herufi na tarakimu 64, kisha huifunga alama hiyo kwa ufunguo wa siri. Mtu akija kugeuza ile 3 kuwa 8, alama inayopatikana haifanani kabisa na ya mwanzo. Lakini alama ikikaa peke yake, bila kufungwa, kwenye jedwali ambalo msimamizi wa mfumo anaweza kulihariri, ni sawa na kumpa mwizi funguo za stoo. Na ufunguo wa siri usiuache ndani ya msimbo unaopakia kwenye hazina ya wazi ya mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuusoma. Tumeyaona.

Halafu kuna saa. Seva nyingi huandika kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Aliyesaini saa saba na nusu usiku wa kuamkia Julai 1 anasomeka kuwa kasaini Juni 30, saa 22:30. Kama mkataba wa zamani uliisha Juni 30, wakili wa upande wa pili ameshapata pa kuanzia. Hifadhi UTC, ila kwenye cheti cha saini onyesha saa za Afrika Mashariki na uandike wazi kuwa ndizo.

Namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa simu inasaidia, lakini inathibitisha tu kwamba mwenye simu ile aliipata. Dalali anayemwambia mama mwenye nyumba "nipe simu nikusaidie" kisha akasoma namba, akaijaza na kubonyeza, amesaini yeye. Mfumo uonyeshe waraka wote kwanza, na ujumbe wenye namba utaje ni mkataba gani na wa kiasi gani.

Sasa taratibu, ambazo wengi huzikumbuka mambo yakishaharibika. Ukikusanya majina, namba za vitambulisho na saini za watu, wewe ni mkusanyaji wa taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Unatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kuanza kukusanya, si baada ya kupata wateja. Seva yako ikiwa nje ya nchi, usafirishaji huo wa taarifa una utaratibu wake wa kuombewa kibali. Kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria, kwa mtu binafsi, ni faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini haipungui milioni 1 na haizidi bilioni 5. Na ndiyo, kujaribishia mfumo kwa mikataba halisi ya wateja kunaweza kukufikisha huko.

Ushuru wa stempu haufutiki kwa sababu hukutumia karatasi. Mkataba wa pango hutozwa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Usiolipiwa haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Hati za kuhamisha miliki ya ardhi na wosia zina masharti yake ya mashahidi. Hizo usizipeleke kwenye mfumo wako kabla ya kumwona wakili.

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Kumbukumbu zako zidumu angalau muda huo, hata kama biashara imefungwa na jina la tovuti halijalipiwa.

Kwa wananchi, jambo moja ambalo tumelieleza hadi tumechoka: usichapishe waraka uliosainiwa kielektroniki ukaupiga muhuri, kisha ukauskani upya. Unachobaki nacho ni picha. Ukija kwetu na malalamiko, leta faili lenyewe kama ulivyolipokea. Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama dokumenti, usilipige picha ya skrini.