Kwa nini mpigaji penalti huruhusiwa kumzuga kipa akiwa njiani, lakini si akishaufikia mpira?

Mpigaji anaanza kukimbia, katikati ya njia anapunguza mwendo, anaruka kidogo, kipa anaangukia kushoto, na mpira unaviringika taratibu kuelekea kulia. Kila linapofungwa bao la namna hii, kwenye vibanda vya kutazamia mpira huzuka ubishi uleule: wapo wanaoshangilia kwamba kipa amepelekwa sokoni, na wapo wanaoapa kwamba refa alipaswa kulikataa bao kwa sababu mpigaji alisimama. Jibu limo katika Sheria ya 14 ya soka, nalo ni fupi. Kumzuga kipa wakati wa kuukimbilia mpira kunaruhusiwa. Kujifanya unapiga baada ya mbio hizo kukamilika ni utovu wa uanamichezo, na adhabu yake ni kadi ya njano.

Kinachohitaji maelezo zaidi ni kwa nini mpaka umewekwa hapo hasa, na ili kuuelewa ni lazima tusimame kwanza mahali pa kipa. Goli lina upana wa mita 7.32 na mpira umewekwa mita 11 kutoka kwenye mstari. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa huumaliza umbali huo kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde, muda ambao hautoshi kipa kuona mpira umeelekea wapi, kuamua, kisha kuruka hadi kwenye nguzo. Kwa hiyo kipa hulazimika kuusoma mwili wa mpigaji kabla mpira haujaguswa. Hutazama mabega, hutazama nyonga, na zaidi ya yote hutazama mguu wa kuegemea, yaani ule unaokita chini kando ya mpira huku mwingine ukirudi nyuma kujiandaa kupiga. Mguu huo ukishakita, vidole vyake mara nyingi huelekea pale mpira unakokwenda, nyonga hufunguka au hufunga, na katika sehemu ileile ya sekunde kipa huhamishia uzito wake upande mmoja na kuruka.

Sasa tuseme mguu wa kupigia, badala ya kuugusa mpira, unakatishwa juu yake. Kipa yuko hewani, na mwili ulioruka haurudishwi. Mpigaji anabaki na mpira, goli lote, na muda wa kuchagua kona. Wakati huohuo sheria inamtaka kipa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja ikigusa mstari wa goli, au ikiwa sambamba nao au nyuma yake, hadi mpira upigwe. Mmoja amefungwa kwenye mstari na mwingine yuko huru kupiga pigo la uongo: hilo si shindano tena kati ya watu wawili. Akizugwa njiani, kipa mwenye subira anaweza kubaki wima na kusubiri. Akizugwa kwa pigo la uongo mwishoni, subira haimsaidii, kwa sababu akisubiri, na pigo likawa la kweli, amekwisha kuchelewa. Hiyo ndiyo sababu ninaiona sheria hii kuwa ya haki.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Wabrazili walikuwa na jina la mbinu hiyo, paradinha, maana yake kisimamo kidogo, na wengi huihusisha na Pelé. Kwa miaka mingi sheria ilikubali kwamba kuzuga ni sehemu ya mchezo, ikamwachia mwamuzi aamue ni wakati gani kumevuka mipaka ya uanamichezo, na waamuzi wachache walithubutu kuamua hivyo. Mwanzoni mwa 2010, Neymar, akiwa kijana wa Santos, alimfanyia kisimamo hicho Rogério Ceni wa São Paulo, kipa ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji hodari wa penalti, na mjadala ukapamba moto. Mwezi Mei mwaka huohuo Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka, IFAB, inayotunga sheria za soka, ilikutana Zürich na kuandika waziwazi mpaka tunaoujua leo. Ulianza kutumika tarehe 1 Juni, siku chache tu kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini.

Hata hivyo adhabu ya mwanzo ilikuwa na pengo. Mpigaji aliyekosea kisha akafunga alipewa kadi ya njano, lakini penalti ilirudiwa, kwa hiyo kujaribu hila hakukumgharimu sana. Mwaka 2016 pengo hilo lilizibwa: tangu hapo, mpira uwe umeingia au haukuingia, mpigaji anaonyeshwa kadi na timu iliyokuwa ikijilinda inapewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Ikiwa ni mikwaju ya kuamua mshindi, pigo hilo huhesabiwa kuwa limekoswa.

Lakini sheria haielezi kwa maneno mbio zinakamilika lini. Kwa kawaida waamuzi huangalia mguu wa kuegemea: maadamu haujakita kando ya mpira, mpigaji bado yuko njiani, na njiani anaweza kupunguza mwendo, kubadili hatua, hata kusimama. Ndiyo maana hatua fupifupi za Simone Zaza, mshambuliaji wa Italia, dhidi ya Ujerumani katika Kombe la Ulaya la mwaka 2016 zilikuwa halali, ingawa mpira wake ulipaa juu ya mwamba. Ndiyo maana pia penalti ya Antonín Panenka wa Chekoslovakia katika fainali ya Ulaya ya 1976, iliyodokolewa taratibu katikati ya goli huku Sepp Maier, kipa wa Ujerumani Magharibi, akiwa ameshaanguka, haina kosa lolote: pale kilichomdanganya kipa ni pigo lenyewe.

Mfano mzuri kuliko yote ni Jorginho wa Italia. Karibu na mpira huruka juu kidogo, macho yakiwa kwa kipa, na hushuka moja kwa moja kwenye pigo. Kwa kuwa mguu wa kuegemea hutua mara moja tu, na ukishatua mguu wa kupigia hausiti, mruko ule ni sehemu ya mbio zake. Tarehe 6 Julai 2021, katika nusu fainali ya Ulaya pale Wembley, mruko huo ulimpeleka Unai Simón wa Uhispania upande mwingine, na Italia ikaingia fainali.

Siku tano baadaye, kwenye uwanja uleule, Jorginho alikwenda kupiga mkwaju ambao ungeipa Italia ubingwa papo hapo. Akakimbia, akaruka vilevile. Safari hii Jordan Pickford wa Uingereza hakuhadaika: aliruka upande uleule wa mpira, akausukuma hadi kwenye nguzo, kisha akaudaka uliporudi.